Tume ya Ukubwa wa Ndama

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina refu lenye wimbo wake na bendera yake. Lakini mwalimu wetu wa kisomo alitufundisha kwamba jina la nchi huanza na herufi kubwa, nami katika daftari langu sikupata herufi iliyokuwa kubwa kiasi cha kuitosha. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu. Msomaji anayeishi katika nchi nyingine asihangaike, kwa maana mambo haya hayakutokea kwake.

Yalianza siku Baba Mlezi wa Taifa alipoalikwa na mkuu wa nchi ya ng'ambo ya mto kwenda kutazama maonyesho ya mifugo. Huko alionyeshwa ndama wa ng'ombe wa nyama, wa miezi saba, mwenye kifua kama pipa na mgongo ambao watu wanne wangeweza kuandaliwa chakula juu yake. Mwenyeji akamuuliza kwa upole, "Na wa kwenu wana ukubwa gani?"

Baba Mlezi alirudi nyumbani hana hamu ya kula. Redio ilitangaza kwamba anafunga kwa ajili ya ndama wa taifa, na wananchi tukaombwa tumuunge mkono. Tulimuunga kwa moyo mmoja, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuanza kufunga tangu mavuno yalipokataa.

Siku ya tatu alikula, kisha akahutubia.

"Taifa hupimwa kwa ndama wake!" alisema. "Mtu mfupi anaweza kuvaa kofia ndefu. Ndama mdogo atavaa nini?"

Ndipo ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mambo Yanayoathiri Ukubwa wa Ndama, yenye wajumbe kumi na mmoja, chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Lukwambilo, ambaye hapo awali aliongoza Tume ya Urefu wa Mvua. Ripoti ya tume ile ya kwanza haijatoka mpaka leo. Inasubiri mvua inyeshe ili ihakikiwe.

Tume ililetwa kijijini kwetu Mbugani. Ndama wetu hawakuwa wadogo kupita wote nchini, bali walikuwa na nafuu. Wajumbe walisema si vyema kuanza uchunguzi kwa mambo ya kuhuzunisha.

*

Wajumbe wote kumi na mmoja walikuwa watu wa kufikiri, na hakuna hata mmoja aliyekuja na kalamu. Mheshimiwa Lukwambilo alitueleza mkutanoni kwamba kufikiri na kuandika ni kazi mbili tofauti, na mtu mmoja akizifanya zote mbili hudhoofika. Akauliza kama kijiji kina mtu anayejua kuandika.

Tulikuwa tumehitimu kisomo wiki mbili tu zilizopita. Nina watoto watano na wajukuu watatu, na hadi mwaka ule nilikuwa natia dole gumba kila mahali wengine wanapotia jina. Niliinamisha kichwa, si kwa unyenyekevu, bali kwa kutaka sana kuitwa. Aliyeniita ni jirani yangu Nyamizi.

"Mama Shija anaandika!" alipaza sauti, huku akinisukuma mgongoni kwa kiganja. "Anaandika mpaka barua. Inuka, dada, usituaibishe."

Yapasa nieleze kuhusu Nyamizi. Ni mjane, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja aitwaye Tunu na ndama dume wa miezi miwili aliyeitwa Kibonge. Alinyonya kwa bidii hata akawa na mashavu. Nyamizi hakuhudhuria kisomo. Saa zile za alasiri nilipokuwa darasani nikifuata herufi kwa kidole, yeye alikuwa mbugani akichunga ng'ombe wake mmoja pamoja na wangu wanne. Niliposema nimshukuru alicheka: "Kasome kwa ajili yetu wote wawili. Mimi nitachunga kwa ajili yetu wote wawili."

Basi niliinuka, nikawa Katibu wa Tume.

*

Siku ya kwanza ya uchunguzi aliitwa Bwana Mifugo wa kata, mtu mwembamba mwenye baiskeli, ambaye alikuwa amewatibu ng'ombe wetu kwa miaka tisa.

"Tuambie kwa ufupi," akasema Mheshimiwa Lukwambilo. "Ni nini kinachoathiri ukubwa wa ndama?"

"Maziwa ya mama yake, Mheshimiwa," alijibu Bwana Mifugo. "Ndama wa ng'ombe wa nyama, miezi ile ya kwanza, ni maziwa tu. Halafu damu ya baba yake. Halafu umri wa mama, maana mtamba anayezaa mara ya kwanza hutoa maziwa haba. Na majira aliyozaliwa: wa masika hukuta nyasi, wa kiangazi hukuta vumbi."

Wajumbe walitazamana kwa masikitiko.

"Hayo ndiyo yote?" akauliza Mheshimiwa.

"Na minyoo."

"Bwana, Baba Mlezi amekaa siku tatu bila kula, nawe unamletea minyoo?"

Juma lile Bwana Mifugo alihamishiwa Idara ya Uvuvi, katika wilaya isiyo na ziwa wala mto. Niliandika maneno yake kisha nikaagizwa kuyafuta. Kifutio changu kilikuwa kipya, kikafuta vizuri.

*

Kwetu mgeni hukaribishwa kwa maziwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hakuna mhenga aliyesema jembe hilo hukabidhiwa vipi kwa Tume. Siku ya tatu ilipita, ikapita ya thelathini, nao wakaendelea kuwa wageni.

Chai yao ilikuwa ya maziwa matupu. Mjumbe mmoja aliyepewa chai yenye maji aliandika malalamiko, yaani aliniagiza niyaandike. Asubuhi wajumbe walikunywa ili waamke, saa nne ili wafikiri, na alasiri ili wapumzike kwa kufikiri. Kila kaya ilipangiwa zamu.

Nasi Mbugani tuna desturi ambayo sijui ilianzishwa na nani. Ng'ombe ana chuchu nne: mbili hukamuliwa kwa ajili ya nyumba, na mbili huachwa kwa ajili ya ndama. Hata mwaka wa njaa kali, mtu aliyekamua chuchu ya tatu aliosha mikono kwa siri. Mheshimiwa Lukwambilo alipoisikia desturi hiyo alishangaa sana.

"Nusu nzima ya maziwa ya taifa," alisema, "imeachwa mikononi mwa ndama, ambao hawana mafunzo yoyote!"

Ikaamuliwa kwamba chuchu zote nne ni nyenzo za uchunguzi.

Siku ile ile tulipima ndama kwa utepe, kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Kibonge alikuwa wa kwanza kijijini: sentimita themanini na nne. Wajumbe walimpigia makofi. Nyamizi alijifunga khanga vizuri na kumpangusa ndama wake pua, kama mama anayempeleka mtoto kubatizwa.

"Maziwa yanayokuza ndama namna hii," akasema Mheshimiwa, akimtazama Tunu, "yatakuza na fikra pia. Huyu awe wa kikombe changu."

*

Sasa nasimulia jinsi Tume ilivyofanya kazi, maana ilifanya kazi kweli.

Walichunguza kwanza rangi ya milango ya mazizi. Wakachunguza majina, ikaonekana kwamba ndama aitwaye Kijiti hawezi kutazamiwa makubwa. Akapewa jina la Mlima kwa barua rasmi, na alikufa akiwa Mlima. Wakachunguza upande ambao ndama hulala. Kisha mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba ndama hawakui kwa sababu hawajaelezwa umuhimu wa kukua, nayo ikapita bila kupingwa. Ndama wote wa kijiji walikusanywa uwanjani, na Mheshimiwa Lukwambilo akapanda juu ya meza.

"Ndama wapenzi," alianza, "ninyi ni ng'ombe wa kesho! Msikubali kukatishwa tamaa na nyasi! Ndama wa ng'ambo ya mto ana miguu minne. Je, ninyi mna mingapi?"

Ndama wawili walijilaza chini. Niliagizwa kuandika kwamba walizidiwa na hisia.

Hatimaye picha ya Baba Mlezi ilitundikwa katika kila zizi, ili ndama wawe na mfano wa kuufuata, kwa kuwa yeye mwenyewe ana umbo la kutosha. Katika zizi la Mzee Lubango ndama aliila picha hiyo kuanzia tai hadi mabega. Wajumbe walijadiliana siku nne. Kulikuwa na waliosema ni uhaini, na waliosema ni uzalendo uliopita kiasi. Mwishowe walimpima, akawa ameongezeka nusu sentimita, na neno uhaini halikutajwa tena. Nadhani ndiyo mara pekee katika muda wote ule ndama wa Mbugani alipopata chakula kutoka serikalini.

*

Mwezi wa pili tulipopima, Kibonge alikuwa na sentimita themanini na tano. Mwezi wa tatu alikuwa na themanini na mbili. Mashavu yalikuwa yamekwenda, na manyoya ya mgongoni yalisimama kama ya paka aliyenyeshewa. Alikuwa akifuata watu njiani na kunyonya pindo za khanga zao. Ndama wengine nao walipungua, ila si kama yeye, kwa kuwa Tunu peke yake ndiye aliyekuwa na heshima ya kukamuliwa mara tatu kwa siku.

Kadiri ndama walivyopungua, tatizo lilionekana kuwa zito zaidi. Na kwa kuwa tatizo zito huhitaji wajumbe wengi, Tume iliongezwa kutoka kumi na mmoja hadi ishirini na watatu. Wajumbe wapya walikuja na kiu ya safari.

Nyamizi alinisubiri kisimani.

"Mama Shija, wewe unaingia mle ndani," alisema. "Unakaa nao. Waambie waniachie chuchu mbili. Basi, hata moja. Wasinitaje kwa ubaya, wewe sema tu ni desturi yetu."

"Nitasema," nilimjibu.

"Leo?"

"Leo leo, dada."

Nilikwenda. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, na hata leo nayajua kwa moyo. Wajumbe walikuwa wamekaa chini ya turubai. Kabla sijafungua kinywa, Mheshimiwa Lukwambilo alivuta kiti chenye egemeo, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Karibu, Katibu. Kaa. Mpeni Katibu chai."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kuvutiwa kiti na mtu. Nilikaa. Chai ilikuwa nzito, ina utando wa mafuta juu, na niliyajua maziwa yale kama mtu anavyoijua sauti ya jirani. Nilikunywa. Nikaongezwa, nikanywa. Mheshimiwa aliniuliza kama nina jambo, nikasema sina.

Tangu siku hiyo nilipata vikombe viwili kila alasiri. Nyamizi aliponiuliza, nilimwambia kwamba ombi lake linashughulikiwa. Maneno hayo nilijifunza pale pale, chini ya turubai.

*

Ilibaki miezi mitatu kufika Sikukuu ya Ukubwa, siku ambayo Baba Mlezi aliitenga ili ndama waonyeshwe mbele yake, naye akadai ripoti. Mheshimiwa Lukwambilo alitembea huku na huko, mikono nyuma, akisema nami nikiandika.

"Andika: Tume imebaini kwamba jambo kuu linaloathiri ukubwa wa ndama ni roho ya mfugaji. Mfugaji mwenye roho ndogo hupata ndama mdogo. Sasa tunahitaji mfano. Ni ndama gani amepungua kuliko wote?"

"Kibonge, Mheshimiwa."

"Wa nani?"

"Wa Nyamizi. Mjane."

"Andika: Nyamizi, mjane, alimnyima ndama wake maziwa."

Kalamu yangu ilisimama. "Mheshimiwa, alimnyima?"

Hakukasirika. Alinigeukia kwa subira, kama mwalimu.

"Katibu, ndama huyo alipata maziwa?"

"Hakupata."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Wa Nyamizi."

"Anayeshika kamba ya ng'ombe asubuhi, wakati wa kukamua, ni nani?"

"Nyamizi."

"Basi?"

Nilijua jibu. Nilikuwa na ladha ya jibu lenyewe ulimini. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba ripoti itapigwa chapa mjini, na kwamba kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya jina lake, litachapwa jina langu. Nikaona mbele ya macho yangu jina la mwanamke aliyekuwa akitia dole gumba, limesimama kwa wino mweusi, watu wanalisoma.

Niliandika. Wala sikuandika kwa haraka kama mtu aliyelazimishwa. Niliandika kwa unadhifu, kila herufi juu ya mstari wake.

Uamuzi ulifuata: Tunu na Kibonge wachukuliwe wakalelewe katika Shamba la Mfano, ambalo lilikuwa shamba la Mheshimiwa Lukwambilo. Mwenye ng'ombe apewe nakala ya uamuzi huo. Nakala hiyo niliiandika mimi mwenyewe.

*

Tarishi aliipeleka kwa Nyamizi asubuhi. Naye, kwa kuwa ni karatasi, aliileta kwangu moja kwa moja, ameishika kwa mikono miwili ili isikunjike.

"Nisomee, dada," alisema, akikaa kizingitini. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Naona wamejibu. Nilijua ukisema wewe watasikia."

Niliichukua. Saa ile hakukuwa na mwingine karibu wa kumsomea, maana wenzangu wa kisomo walikuwa malishoni. Mwalimu alikuwa mjini. Karatasi haina mdomo. Nilifikiri hivyo, na nilifikiri hivyo haraka kuliko nilivyowahi kufikiri neno lolote jema.

"Serikali inakusalimu," nikasema.

"Tumeipokea. Halafu?"

"Inakutakia afya."

"Karatasi yote hii, afya tu?" Alicheka. "Mama Shija, hebu weka kidole kama mnavyofanya darasani, twende pole pole. Mimi sina haraka. Tunu wamekwisha kumkamua."

Nikaweka kidole. Sijui kwa nini kidole kilikataa kile ambacho ulimi ulikubali. Pengine ni kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, kwamba kidole kikiwa chini ya neno, husomi neno lingine. Nilimsomea yote: roho ndogo, ndama aliyenyimwa, Shamba la Mfano. Nilifika chini nikasoma na hapo, penye jina langu la kuzaliwa: "Imeandikwa kwa mkono wa Kabula binti Masunga, Katibu."

Kibonge alikuwa amemfuata Nyamizi, amesimama nyuma yake ananyonya ncha ya khanga yake, naye hakumzuia.

"Lile neno la kunyima," alisema baadaye, "nionyeshe lilipo."

Nilimwonyesha. Aliliinamia, akaligusa kwa ukucha.

"Ni dogo," akasema. "Nilidhani litachukua mstari mzima."

"Dada, niliambiwa niandike."

"Na kunywa uliambiwa?"

Kumbe alijua. Kijiji kizima kilijua, maana turubai halina kuta. Alijua, na bado alikuja kisimani kila siku kuniuliza, akinipa kila siku nafasi moja zaidi.

Alasiri walikuja kuwachukua. Nyamizi mwenyewe alifungua kamba, akamsindikiza Tunu hadi barabarani akimsemesha sikioni. Kibonge alifuata mama yake bila kuvutwa.

*

Katika Sikukuu ya Ukubwa, Kibonge alionyeshwa mbele ya Baba Mlezi. Shambani kwa Mheshimiwa Lukwambilo hapakuwa na Tume. Kwa hiyo hapakuwa na chai. Kwa hiyo chuchu zote nne zilikuwa za ndama. Alikuwa na sentimita mia na moja na manyoya yanayong'aa. Redio ilisema hapajawahi kuwa na ushahidi bora kuliko huo: ndama ni yule yule, mama yake ni yule yule, kilichobadilika ni mfugaji tu. Mheshimiwa alivikwa nishani. Tume iligawanywa sehemu tatu, ili vijiji vingine navyo vichunguzwe.

Ripoti ililetwa ikiwa imepigwa chapa. Jina langu limo, ukurasa wa mwisho, halina kosa hata la herufi moja. Niliifungia sandukuni chini ya nguo za baridi, na sijamwonyesha mtoto wangu hata mmoja.

Kisomo kilifunguliwa tena baada ya mavuno, nasi tuliohitimu tukaalikwa kusaidia. Siku ya kwanza Nyamizi aliingia na daftari jipya, akakaa benchi la mbele.

"Karibu sana, mama," mwalimu akamwambia. "Tulikukosa mwaka jana."

"Nilikuwa nachunga," alijibu. "Sasa nina nafasi."

Mwalimu alifurahi. Akasema mwanafunzi mpya hushikwa mkono na aliyetangulia, akatazama huku na huko, kisha akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa Katibu. Nilikwenda mbele nikapiga magoti kando ya benchi lake. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu pale kamba ilipokuwa ikipita. Nikaushikisha kalamu.

"Tutaanza na jina lako," nilimwambia kwa sauti ndogo.

"Hapana," alisema. "Anza na lako."

"Mama Shija?"

"Hilo nalijua." Hakunitazama, alikuwa akitazama ukurasa mtupu. "Lile ulilotia chini ya karatasi. Nataka siku nyingine nikilikuta, nilitambue mwenyewe."

Nikaushika mkono wake, tukaanza kuliandika.